Kamina na Makao ya Wafalme wa Waluba

Ni ada ya watu wa mataifa mengi, wapatapo wasaa na nauli, kuzuru miji ya kale ya wafalme, wakapanda vilima vya ngome, wakapapasa mawe ya kuta, na kusimama kwa taadhima mbele ya makaburi ya watawala waliofariki karne nyingi zilizopita. Katika bara la Ulaya, mji unaostahili safari ya namna hiyo kuliko mingi ni Kraków wa nchi ya Polandi, uliokuwa makao ya dola hata mwisho wa karne ya 16, zama mfalme Sigismund wa Tatu alipoanza kulihamishia baraza lake Warsaw. Juu ya mto Vistula pana kilima cha Wawel, ambapo wafalme walitawazwa na kuzikwa. Na kutoka hapo kuelekea Częstochowa, juu ya majabali ya chokaa, pana msururu wa ngome ambazo wenyeji huziita viota vya tai, nyingi katika hizo zikiwa zilijengwa katika enzi ya Kazimierz Mkuu, aliyetawala tangu 1333 hata 1370. Askari wa Uswidi waliivamia nchi hiyo mwaka 1655 wakaziharibu ngome nyingi, lakini magofu yangalipo, na msafiri ayatazamaye haulizi kama palikuwa na ufalme, kwa kuwa mawe yamekwisha kumjibu.

Mgeni ashukaye garini katika stesheni ya Kamina, makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami katika nchi ya Kongo, hapati jibu jepesi la namna hiyo. Mbele yake huona reli zinazogawanyika njia tatu, mabohari, nyumba za matofali zilizojengwa kwa ajili ya watumishi wa kampuni ya reli, na miembe iliyopandwa kando ya njia. Husikia Kiswahili na Kiluba vikipokezana katika soko moja. Na aghlabu huamua papo hapo kwamba mahali hapa hapana umri uzidio umri wa reli yake. Hukumu hiyo ina haki kwa mji, lakini ni dhuluma kwa nchi uliomo. Kamina imesimama katika ardhi ya dola ya Waluba, na kwa upande wa kaskazini na mashariki yake yalikuwapo makao ya wafalme kwa karne kadhaa, yakihama toka mahali hata mahali kila alipotawala mfalme mpya, na kila moja likiachiwa mlinzi baada ya mwenyewe kufariki. Kilichokosekana ni jiwe; historia haikukosekana.

Ushahidi wa kale kabisa wa nchi hii umo ardhini, mashariki ya Kamina, katika bonde la Upemba, ambamo mto Lualaba hupita ukitandaza maziwa na vinamasi vyenye samaki wengi. Mwaka 1957 na 1958 wataalamu wawili, Jacques Nenquin na Jean Hiernaux, walifukua makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale. Na katika miaka ya 1970 Pierre de Maret akaiendeleza kazi hiyo mahali pengine katika bonde hilo hilo. Walichokikuta kiliwastaajabisha waliodhani kwamba bara la ndani halikuwa na mambo ya kale ya kusimulia: vyungu vya ufinyanzi hodari, vikuku na mikufu ya shaba, vyombo vya chuma, pembe za ndovu zilizochongwa, na hata kauri zilizotoka Bahari ya Hindi, zikapita mikono mingi kabla ya kufika kwenye maziwa hayo. Makaburi ya zamani katika hayo yalichimbwa kiasi cha karne ya 8, na yale ya fahari zaidi ni ya karne ya 10 hata ya 13. Mtoto aliyekufa aliwekewa vyungu vidogo, na mtu mzima vikubwa. Na mkubwa wa watu alizikwa na shoka la heshima ambalo mpini wake umepigiliwa misumari, mfano wa mashoka ambayo machifu wa Waluba waliyabeba mabegani miaka elfu moja baadaye. Baada ya hapo misalaba midogo ya shaba ilianza kuwekwa kifuani na kiunoni mwa maiti, shaba yenyewe ikiletwa kutoka machimbo ya kusini. Na kadiri miaka ilivyopita misalaba hiyo ilizidi kuwa midogo na kulingana kipimo, hata ikawa fedha ya kununulia na kuuzia.

Juu ya msingi huo ndipo yalipojengwa masimulizi ya ufalme. Wazee wa Waluba husimulia kwamba mfalme wa awali alikuwa Nkongolo Mwamba, mtu mwekundu wa mwili na mkali wa tabia, asiyejua kujizuia katika kula, kunywa wala kumwaga damu, na makao yake yalikuwa Mwibele, karibu na ziwa Boya, katika nchi ambayo leo ni wilaya ya Kabongo. Kutoka mashariki akaja mwindaji, Mbidi Kiluwe, mwenye adabu ya kifalme, aliyekula faraghani na kunena kwa uchache; akakaribishwa, akawaoa dada za Nkongolo, na mmoja wao, Bulanda, akamzalia Kalala Ilunga. Kijana alipokua hodari wa vita na wa michezo, mjomba akamwonea husuda, akachimba shimo, akasimamisha mikuki ndani yake, akalitandikia mkeka, kisha akamwalika kijana acheze ngoma juu yake. Mpiga ngoma, aliyeijua hila, akampasha kijana habari kwa mdundo. Kalala Ilunga akauchoma mkeka kwa mkuki wake, akaliona shimo, akaruka, akakimbilia kwa baba yake ng'ambo ya Lualaba. Aliporudi alirudi na jeshi, Nkongolo akakatwa kichwa, na mshindi akaweka makao yake Munza. Mwenye kusikiliza hadithi hii kwa makini atatambua kwamba ndani yake mna katiba nzima: nguvu peke yake haitoshi kutawala, sharti iongozwe na adabu, na kila mfalme ana kiti chake mahali pake.

Dola hiyo haikuishi kwa masimulizi tu. Kama vile hazina ya Kraków ilivyotiwa nguvu na machimbo ya chumvi ya Wieliczka, yaliyochimbwa tangu karne ya 13 na kumtajirisha mfalme wa Polandi, ndivyo moyo wa nchi ya Waluba ulivyosimama juu ya chumvi na chuma. Maji ya vinamasi vya chumvi yalichemshwa katika vyungu hata chumvi ikaganda, ikafungwa vizuri, ikasafirishwa mbali. Na wahunzi wakafua majembe na mashoka yaliyotafutwa na majirani wa pande zote. Mwenye kutawala vinamasi na viwanda vya wahunzi aliweza kukusanya ushuru, kulipa watu wake na kuwapa machifu wa mbali hiba zilizowafunga kwake. Na machifu hao, ili wajulikane kuwa wa damu ya kifalme, walipokea kutoka barazani mashoka, fimbo na viti, wakarudi kwao wakiwa na heshima ambayo hawakuwa nayo walipoondoka.

Sasa yatupasa kuyatazama makao yenyewe, kwa kuwa hapa ndipo Waluba walipofuata njia iliyo mbali kabisa na ile ya Wawel. Mfalme wa Polandi alirithi kasri la baba yake, akaongeza chumba au mnara; lakini Mulopwe, mfalme wa Waluba, hakuruhusiwa kukaa katika makao ya aliyemtangulia. Ilimlazimu kutafuta mahali papya, kujenga boma jipya na kukusanya baraza lake humo. Makao ya marehemu hayakuachwa yaote majani: yaligeuka kuwa kitenta, makao ya roho ya mfalme, na ndani yake akawekwa mwanamke, Mwadi, ambaye roho ya marehemu iliaminiwa kukaa ndani yake. Mwadi alilirithi jina la mfalme, cheo chake na watumishi wake. Alikaa na maofisa wa baraza lake. Alilinda kikapu kitakatifu kilichohifadhi masalio ya marehemu. Na mfalme mpya alimpelekea hiba na kumwomba shauri. Alipofariki Mwadi, mwanamke mwingine wa ukoo alishika nafasi yake, na mfalme aliyezikwa zamani akaendelea kuwa na mlango, uwanja na sauti. Kwa utaratibu huo nchi ilijaa miji ya wafalme waliokufa ikizunguka mji wa mfalme aliye hai, na kumbukumbu ya dola ikatunzwa na wanawake kwa maisha yao.

Hesabu ya makao hayo, nasaba za wafalme na njia walizopita, ilikuwa amana ya chama cha Mbudye, watu waliofunzwa kwa daraja hata wakastahili kuisoma lukasa. Lukasa ni ubao wa mti unaotosha kushikwa kwa mkono mmoja, umebanwa kiunoni na kupanuka pande mbili, mgongoni umechongwa michoro mfano wa gamba la kobe, na usoni umepachikwa shanga na kauri. Msomaji huushika kwa mkono wa kushoto, na kwa kidole cha shahada cha mkono wa kulia hufuata shanga moja moja akiimba na kusimulia: ushanga mkubwa uliozungukwa na midogo ni mfalme na watu wake, mstari wa shanga ni njia au safari, palipoinuka pana kitenta au mahali pa siri ya baraza. Ubao mmoja waweza kusomwa kwa namna nyingi, kulingana na msomaji, wasikilizaji na jambo linaloamuliwa siku hiyo. Kwa hiyo historia ya Waluba haikuwa kitu kilichofungwa mara moja, ilikuwa hoja iliyotetewa barazani mbele ya watu waliojua kuuliza.

Mtu wa pwani naye ana sehemu yake katika habari hizi. Mwaka 1873 mwanamaji Mwingereza, Verney Lovett Cameron, alitoka Bagamoyo na msafara wake kumtafuta Livingstone; akapata habari za kifo chake huko Unyanyembe, lakini hakurudi, akaendelea magharibi, na mwishoni mwa 1874 akafika Kilemba, katika nchi ya mfalme Kasongo Kalombo. Hapo alimkuta Juma Merikani, mfanyabiashara wa pembe aliyetoka pwani, amekwisha kujenga nyumba imara na kufanya urafiki na baraza. Na Cameron aliandika kwamba katika safari yake nzima hakumpata mwenyeji mkarimu kumshinda huyo. Kwa muda wa miezi kadhaa, akimngoja mfalme, Cameron aliyatazama makao ya Kasongo: boma la miti lililotiwa nyasi, mlango mmoja wa kuingilia, nyumba ya mfalme katikati na safu za nyumba za wake zake kandokando, na siku ya baraza kuu aliwaona machifu wakija na watu wao, mmoja baada ya mmoja, wakijipaka udongo kwa unyenyekevu mbele ya mfalme. Alilizuru pia ziwa Mohrya, akachora nyumba za watu waliokaa juu ya nguzo ndani ya maji.

Uadilifu wataka tuyaandike na yale yasiyopendeza. Katika baraza la Kasongo Cameron aliona watu waliokatwa mikono, masikio na pua kwa amri ya mfalme. Aliona pia biashara ya watu ikiingia kutoka magharibi: mfanyabiashara Alvez, aliyekuwa amepiga kambi Kilemba, alikuwa na mshirika aitwaye Coimbra, ambaye alirejea kambini na wanawake zaidi ya 50 waliofungwa kwa kamba, na Cameron akakisia kwamba ili kuwapata wanawake hao vijiji visivyopungua 10 viliangamizwa. Alifika pwani ya Benguela mwezi wa Novemba 1875, akawa Mzungu wa kwanza kulikata bara la Afrika ya kati kutoka mashariki hata magharibi, na habari zake zikasomwa huko Ulaya na watu waliokuwa na nia nyingine kabisa juu ya nchi hii.

Kasongo Kalombo alipofariki katika miaka ya 1880, wana wa ukoo wakaanguka katika vita ya urithi, kama ilivyokuwa desturi. Lakini safari hii majeraha hayakupewa muda wa kupona. Kabongo alishika upande mmoja na Kasongo Niembo upande mwingine; na Dola Huru ya Kongo, ya mfalme wa Ubelgiji, iliyokuwa ikijipenyeza nchini, ikaona faida katika utengano wao. Askari Watetela wa dola hiyo walioasi Luluabourg mwezi wa Julai 1895 walipokuja katika nchi ya Waluba, Kasongo Niembo alipatana nao, akapigana na serikali kwa miaka mingi, mara akitulia, mara akijitenga. Wabelgiji waliigawa dola ya Waluba katika maeneo mawili ya uchifu, la Kabongo na la Kasongo Niembo. Na hatimaye, mwaka 1917, Kasongo Niembo alikamatwa, akapelekwa uhamishoni Buta, kaskazini ya mbali, nchi isiyokuwa na kitenta hata kimoja cha babu zake. Hivi ndivyo ilivyokatizwa desturi ya makao kuhama: tangu hapo mahali pa mtawala palipangwa na ofisi, kwa ramani na kwa kodi.

Na reli ikaja. Kampuni ya BCK, iliyoundwa mwaka 1906, ilipewa kazi ya kuiunganisha shaba ya Katanga na maji ya Kasai. Njia kutoka kusini ilifika Bukama, kando ya Lualaba, mwaka 1918, na mwaka 1928 ikakamilika njia ya zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Bukama hata Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo, nayo ilipita Kamina. Mfalme Albert wa Ubelgiji alikuja mwenyewe kuifungua. Mwaka 1956 ikaongezwa njia ya Kamina hata Kabalo, na kwa hiyo mtu akaweza kupanda gari Kamina, akafika Kalemie, akavuka ziwa Tanganyika hata Kigoma, akaendelea kwa reli hata Dar es Salaam, njia ambayo kwa sehemu kubwa ni ile ile ya misafara iliyomleta Juma Merikani. Mji ukakua kwa karakana, pamba na ofisi, na watu wa makabila mengi wakaja kutafuta kazi, wakakutana katika Kiswahili.

Ngome pekee ya zege iliyopata kujengwa Kamina haikujengwa na Mulopwe. Tangu 1949 Wabelgiji walijenga nje ya mji kituo kikubwa cha kijeshi chenye uwanja wa ndege, wakiwa na hofu kwamba vita mpya ikizuka Ulaya watahitaji mahali pa kukimbilia na kupumzikia. Vita hiyo haikuzuka, lakini kituo hakikukosa kazi: baada ya uhuru wa 1960 kilishikwa na majeshi ya Umoja wa Mataifa, na ndege za kivita za Uswidi zikakaa hapo katika mapambano dhidi ya kujitenga kwa jimbo la Katanga, wajukuu wa wale waliozibomoa ngome za Polandi wakiwa sasa wamevaa kofia za buluu, na mwezi wa Novemba 1964 askari wa miavuli wa Ubelgiji walipumzika hapo kabla ya kurushwa Stanleyville tarehe 24. Ikiwa alama ya mji mkuu ni kutamaniwa na wenye nguvu, Kamina imekwisha kuithibitisha alama hiyo.

Mzigo ulio juu yetu leo ni kuyatambua makao ya kale kabla sauti za wanaoyajua hazijanyamaza. Viti vilivyobebwa na vinyago vya wanawake, ambavyo ndivyo vilivyokuwa alama ya enzi, fimbo za baraza na mbao za lukasa, vingi vimekwisha kuondoka: mtu wa Kamina apendaye kuvitazama kwa wingi hana budi kwenda kwenye makumbusho ya Tervuren nchini Ubelgiji, au kwenye majumba ya makumbusho ya Marekani, kuona ambavyo babu zake waliviona barazani bila tikiti.  Mwezi wa Februari 2022 serikali ya Ubelgiji iliikabidhi serikali ya Kongo orodha ya vitu vipatavyo 84,000 vilivyomo Tervuren. Orodha ni mwanzo, lakini kitu kikirudi bila kujulikana kilitoka katika kitenta gani, cha mfalme yupi, kililindwa na Mwadi wa ukoo gani, kitakuwa kimerudi nchini tu, nyumbani hakijafika.

Kwa hiyo wito wa makala haya ni kwa walimu wa Kamina, Kabongo, Bukama, Kaniama na Malemba-Nkulu, na kwa serikali ya jimbo. Wanafunzi wapewe kazi ya kuwaendea wazee wa machifu wa Kasongo Niembo na wa Kabongo, waandike jina la kila kitenta, mfalme wake, kijito kilicho karibu na njia iendayo huko. Jimbo liweke nguzo mahali hapo kwa idhini ya wenye ukoo, na ramani itundikwe katika stesheni ya Kamina, mahali ambapo mgeni huanza kukosea. Kazi hii haihitaji fedha nyingi, yahitaji daftari, adabu ya kusikiliza, na haraka.